Baba amevuta sigara tangu ujana: je, kuacha akiwa na miaka 61 kuna faida?

Binti Mkubwa ameuliza:

Habari zenu ndugu zangu. Naomba msaada kwa wenye ujuzi wa tiba, na pia kwa waliowahi kuvuta sigara wakaacha.

Baba yangu ana umri wa miaka 61 na amevuta sigara tangu akiwa kijana. Kwa miaka mingi alikuwa akimaliza pakiti nzima kwa siku, lakini tangu daktari alipomweleza kwamba shinikizo lake la damu limepanda, amepunguza, na sasa anavuta tatu au nne tu: ya kwanza kabla hata hajanawa uso, moja baada ya chakula cha mchana, na zilizobaki jioni. Kila asubuhi anakohoa mpaka anashika ukingo wa kitanda, na akipanda ngazi hulazimika kusimama katikati ili apumue.

Ninapomwomba aache kabisa, hunipa majibu yaleyale. Husema maji yakimwagika hayazoleki, kwamba mapafu yameharibika kwa miaka arobaini na kuacha leo hakutamrudishia chochote. Husema pia kwamba sigara tatu si uvutaji. Na la mwisho, ambalo ndilo linalonitia mashaka zaidi kwa sababu sijui nimjibu vipi, ni kwamba mwili uliozoea tumbaku ukinyimwa ghafla ndipo huugua, maana yeye mwenyewe anawafahamu watu walioacha wakafariki muda mfupi baadaye.

Sitaki kumtisha mzazi wangu wala kubishana naye. Ninachotaka ni kuujua ukweli, ili siku nitakapokaa naye chini nimweleze kwa heshima jambo ninalolielewa.

---

Muuguzi wa Zamu amejibu:

Dada, pole kwa mashaka hayo, na umefanya vema kuuliza kabla ya kuzungumza naye. Nimehudumia wagonjwa wa kifua kwa muda mrefu, na majibu hayo ya baba huyasikia kwa wagonjwa wengi wa rika lake. Niruhusu nianze na hilo la sigara tatu, kwa sababu ndilo linalowapoteza watu wengi walio makini na afya zao.

Ni kweli kwamba hatari ya saratani ya mapafu hupanda kadiri sigara na miaka ya kuvuta inavyoongezeka, kwa hiyo upande huo aliyepunguza amepata nafuu fulani. Moyo na mishipa ya damu havifuati hesabu hiyo. Moshi kidogo tu hutosha kuibana mishipa, kuuchubua utando laini ulio ndani yake, na kuzifanya chembe zinazogandisha damu zishikane kwa urahisi kuliko inavyotakiwa. Watafiti waliokusanya pamoja matokeo ya tafiti nyingi walikuta kwamba anayevuta sigara moja kwa siku hubeba takriban nusu ya ile hatari ya ziada ya ugonjwa wa moyo aliyonayo anayevuta 20. Mtu angetarajia iwe sehemu moja ya ishirini, lakini sivyo. Kwa mzee ambaye tayari ana shinikizo la damu, moyo na kiharusi ndivyo vya kuhofiwa kwanza, na kwa upande huo sigara zake tatu bado ni uvutaji kamili.

Kuna jambo jingine ambalo unaweza kulithibitisha kwa macho yako. Mtu aliyepunguza idadi mara nyingi hubadilisha namna ya kuvuta bila kujitambua: huvuta kwa nguvu zaidi, huushikilia moshi kifuani kwa muda mrefu, na hufika hadi kwenye kichungi. Mwili unatafuta kiasi cha nikotini ulichokizoea, na hukipata kwa kuzikamua zile chache zilizobaki.

Sasa kuhusu kuchelewa. Mwaka 1951 nchini Uingereza, Richard Doll na Austin Bradford Hill walianza kuwafuatilia madaktari wa nchi hiyo, wavutaji na wasiovuta, na ufuatiliaji huo uliendelea kwa miaka 50. Ripoti iliyotolewa mwaka 2004 ilionyesha kwamba wanaume walioendelea kuvuta walifariki, kwa wastani, takriban miaka 10 mapema kuliko wenzao ambao hawakuwahi kuvuta. Walioacha wakiwa na umri wa miaka 30 waliiokoa karibu miaka hiyo yote. Walioacha wakiwa na 40 waliokoa kama 9, wenye 50 waliokoa kama 6, na wenye 60 waliokoa kama 3. Baba yako yumo katika kundi hilo la mwisho. Miaka mitatu ni wastani tu, maana wapo waliopata zaidi na wapo waliopata pungufu, na tena hesabu hiyo haisemi lolote kuhusu ubora wa miaka yenyewe: kupanda ngazi bila kusimama, kulala bila kukohoa, kutolazwa wodini mara kwa mara.

Mabadiliko huanza siku ileile. Dakika 20 baada ya sigara ya mwisho mapigo ya moyo huanza kushuka. Katika muda wa saa 12 kiwango cha kaboni monoksaidi katika damu hurudi katika hali ya kawaida. Hiyo ni gesi inayokalia nafasi ya oksijeni kwenye chembe nyekundu, na kuondoka kwake ndiko kunakofanya wengi wahisi wepesi mapema kuliko walivyodhani. Kati ya wiki 2 na wiki 12 mzunguko wa damu na uwezo wa mapafu huwa bora zaidi. Ukitimia mwaka mmoja, hatari ya ziada ya ugonjwa wa moyo huwa imeshuka kwa takriban nusu. Kwa saratani ya mapafu mambo huenda polepole: baada ya miaka 10 hatari huwa karibu nusu ya ile ya anayeendelea kuvuta, na ndiyo maana mwaka wa kuanza ni huu na si ujao.

Kuhusu mapafu yenyewe, lazima niseme ukweli wote, maana baba akigundua kwamba umemtilia chumvi hatakusikiliza tena. Ikiwa vifuko vidogo vya hewa vimebomoka, havioti upya. Katika hilo ana haki. Lakini uwezo wa mapafu ya kila mtu mzima hupungua kidogo kila mwaka, na kwa mvutaji aliyekwisha kupata maradhi ya njia za hewa kasi ya kupungua huwa kubwa mno. Akiacha, kasi hiyo hurudi chini na kukaribia ile ya mtu asiyevuta. Hatafuti kurudishiwa kilichopotea. Anakinga kilichobaki, na katika umri wake hicho kilichobaki ndicho kitakachoamua kama atatembea mwenyewe akiwa na miaka 70 au atapumulia mtungi wa oksijeni.

Na wale walioacha wakafariki: uliza waliacha kwa sababu gani. Wengi huacha baada ya ugonjwa kuwaangusha, pale pumzi inapogoma au wanapoanza kutema damu. Ugonjwa ulikuwepo kwanza, na kuacha kukafuata. Kuacha tumbaku kwa siku moja hakuui. Mraibu mkubwa wa pombe akikatishwa ghafla anaweza kupatwa na degedege na hata kufa, ndiyo sababu yeye huachishwa chini ya uangalizi wa daktari, lakini uraibu wa nikotini hauna hatari hiyo. Una mateso yake, na hayo watakueleza waliopita njia hiyo.

Shauri moja tu kabla sijamaliza. Mpeleke apimwe uwezo wa mapafu kwa spirometa, kipimo cha kupuliza kwa nguvu ndani ya mrija, na umwombe mpimaji amweleze baba mapafu yake yanalingana na ya mtu wa umri gani. Mzee wa miaka 61 akisikia kwamba anapumulia mapafu ya mtu wa miaka 80, hahitaji mtoto wake amhubirie.

---

Mwananchi Huru amejibu:

Kwa heshima zote, babu yangu alivuta tumbaku mpaka akakaribia miaka tisini na alikuwa akilima mwenyewe. Wapo pia ambao hawajagusa sigara maishani mwao na wamekufa kwa saratani ya mapafu. Nadhani kila mtu ana siku yake, na mzee wa miaka 61 aachwe na starehe yake.

---

Muuguzi wa Zamu amejibu:

Ndugu yangu, sibishani na habari za babu, na nafurahi kwamba aliishi miaka mingi. Wavutaji kama yeye wapo. Lakini hadi nusu ya watu wanaotumia tumbaku bila kuacha huuawa na tumbaku hiyohiyo, na duniani kote inaua zaidi ya watu milioni 7 kila mwaka. Tunawakumbuka waliofika tisini kwa sababu bado tulikuwa nao mezani tukizungumza. Waliokufa na miaka 55 hawakuwepo kutoa ushahidi wao. Na wasiovuta ambao huugua saratani ya mapafu wapo pia, baadhi yao wakiwa wamevuta moshi wa wenzao ndani ya nyumba zao wenyewe kwa miaka mingi.

---

Nilivuta Zamani amejibu:

Dada, mimi niliacha nikiwa na umri unaokaribia wa baba yako, kwa hiyo nitazungumzia upande ambao vipimo havionyeshi.

Nimeona umeandika kwamba anavuta kabla ya kunawa uso. Hiyo sigara moja ndiyo yenye habari nyingi kuliko zote. Nikotini haikai sana mwilini. Kila baada ya saa mbili hivi karibu nusu yake huwa imeondoka, na baada ya usiku mzima karibu yote imekwisha. Mvutaji huamka akiwa na njaa ya nikotini, mkono unapapasa meza kabla macho hayajafunguka sawasawa, na mvuto wa kwanza wa moshi unapofika kichwani, ndani ya sekunde chache, anahisi utulivu mkubwa. Utulivu huo ulinidanganya kwa miaka. Sigara ilikuwa ikiniondolea dhiki ambayo yenyewe ndiyo iliyoileta, na wiki kadhaa baada ya kuacha niligundua kwamba wasiwasi niliodhani ni tabia yangu ya kuzaliwa ulikuwa umepungua kuliko wakati wowote nilipokuwa navuta.

Mwandae baba kwa arosto, yaani mateso ya mwili unaponyimwa nikotini, na muiandae familia pia. Siku tatu za mwanzo ndizo ngumu zaidi. Atakuwa na hasira za haraka, usingizi utakatika, atashindwa kutuliza akili kwenye jambo moja, atakula kuliko kawaida, na huenda akapata choo kigumu ambacho hakuna aliyemwonya nacho. Mengi ya hayo hupoa ndani ya wiki mbili hadi nne. Kilichonisaidia mno ni kujua kwamba hamu ikipanda haidumu. Hukaa dakika chache, hufika kileleni, kisha hushuka hata usipovuta. Nilikuwa nikisimama, nikinywa maji taratibu na kutoka nje ya chumba nilichozoea kuvutia. Nikirudi, huwa imepita.

Uzito huongezeka kwa wengi, kwa kawaida kilo 4 au 5 katika mwaka wa kwanza. Msimwambie kwamba haitatokea. Faida ya kuacha ni kubwa kuliko madhara ya kilo hizo, na kutembea kila siku hupunguza vyote viwili, hamu na uzito.

Ondoeni vyombo vya majivu, viberiti na pakiti zilizosahaulika kwenye mifuko ya makoti. Fueni mapazia na mashuka, maana harufu ya moshi uliokauka kwenye nguo iliniamshia hamu kuliko kumwona mtu akivuta. Na akikukaripia bila sababu katika wiki hiyo ya kwanza, nyamaza, mpe nafasi. Mzazi aliye katika arosto akianza kulumbana na mwanawe, atatoka nje kwa hasira, na huko nje ndiko sigara iliko.

Akiteleza akavuta moja, msihesabu kwamba ameshindwa. Wengi tulioacha kwa moja kwa moja hatukufanikiwa mara ya kwanza. Muhimu ni kutazama sigara hiyo moja ilimpata wapi, akiwa na nani, na baada ya jambo gani.

---

Binti Mkubwa ameandika:

Nawashukuru sana. Nimemsomea baba maelezo yote, na hilo la walioacha kwa kuwa tayari walikuwa wagonjwa limemfanya anyamaze kwa muda mrefu. Amekubali kupimwa mapafu. Ameniambia nami niulize mambo mawili. Amesikia kwamba kuna chingamu na plasta za nikotini, lakini hataki kutoka katika uraibu mmoja na kuingia katika mwingine. Na rafiki yake amemshauri ahamie kwenye shisha au ugoro, kwamba ni salama zaidi. Pia, amekuwa akitumia vidonge vya teofilini kwa ajili ya kifua, pamoja na vya shinikizo la damu, naye ni mpenzi mkubwa wa kahawa. Je, kuna tatizo lolote hapo?

---

Mfamasia amejibu:

Dada, swali lako la mwisho ndilo la muhimu kupita yote, na nafurahi kwamba umelitaja, hivyo nitalianza hilo.

Moshi wa sigara huliamsha ini lifanye kazi ya kuvunja baadhi ya dawa kwa kasi isiyo ya kawaida, na teofilini ni mojawapo. Inawezekana kabisa kwamba dozi ya baba ilipangwa wakati akiwa mvutaji. Akiacha, ini hurudi kwenye mwendo wake wa kawaida katika muda wa siku chache hadi wiki kadhaa, dawa huanza kukaa mwilini kwa muda mrefu zaidi, na dozi ileile aliyokuwa akiimeza bila shida yaweza kuwa nyingi mno: kichefuchefu, kutapika, mikono kutetemeka, moyo kwenda mbio, na ikizidi, degedege. Hiyo si sababu ya kutoacha. Ni sababu ya kumweleza daktari wake tarehe atakayoacha, kabla haijafika, ili dozi ipunguzwe na damu ipimwe inapobidi. Asipunguze mwenyewe. Baadhi ya dawa za magonjwa ya akili, kama klozapini na olanzapini, nazo zinahitaji tahadhari hiyohiyo, kama kuna msomaji mwingine anayezitumia. Kinachosababisha haya ni kemikali za moshi, si nikotini, kwa hiyo chingamu na plasta hazitazuia mabadiliko hayo.

Kafeini hufuata njia hiyohiyo. Mvutaji huivunja haraka, akiacha huivunja polepole, na kahawa aliyoizoea itampa usiku mkesha na moyo wa kwenda mbio ambavyo yeye atadhani ni arosto. Aipunguze karibu kwa nusu tangu siku ya kwanza.

Kuhusu kuhama uraibu: nikotini ndiyo inayomfunga mtu, lakini moshi ndio unaomuua. Ndani ya moshi kuna kemikali zaidi ya 7,000, na zipatazo 70 kati yake zinajulikana kusababisha saratani; ndani ya chingamu kuna nikotini pekee, kwa kiasi kidogo, na huingia mwilini taratibu bila ule msukumo wa mvuto wa moshi ambao ubongo umeuzoea. Kwa kawaida hutumika kwa miezi kama mitatu huku ikipunguzwa, na huongeza uwezekano wa kuacha kwa kiasi kikubwa kuliko kutegemea nia peke yake. Nia ni lazima iwepo, lakini sioni busara ya kuiacha ipigane peke yake wakati msaada upo. Shirika la Afya Duniani katika mwongozo wake wa mwaka 2024 limependekeza dawa hizi za nikotini pamoja na vareniklini, bupropioni na saitisini, ambazo ni vidonge vya kuandikiwa na daktari.

Chingamu hii haitafunwi kama ya watoto, na hapo ndipo wengi huikosea kisha wakasema haifanyi kazi. Aitafune taratibu mpaka aonje ukali au ajisikie kuwashwa mdomoni, kisha aache kutafuna na kuibana kati ya fizi na shavu. Ukali ukiisha atafune tena kidogo, aibane upande mwingine, na aendelee hivyo kwa nusu saa. Nikotini hunyonywa na ngozi ya ndani ya mdomo. Akiitafuna mfululizo ataimeza pamoja na mate, nayo itamletea kwikwi na kiungulia huku hamu ikibaki palepale. Asinywe kahawa wala juisi dakika 15 kabla yake, kwa kuwa uchachu huzuia unyonywaji. Chingamu zipo za miligramu 2 na za miligramu 4, na anayevuta ndani ya nusu saa baada ya kuamka kwa kawaida hupewa ya 4. Lakini kwa kuwa baba anavuta chache na ana shinikizo la damu, daktari wake ndiye aamue nguvu yake na kama plasta inahitajika.

Shisha isahauliwe. Maji hupoza moshi, hayausafishi, na kikao cha saa moja humwingizia mtu moshi mwingi kuliko sigara kadhaa. Ugoro nao hauna moshi, lakini una nikotini ileile pamoja na kemikali za kusababisha saratani, na tumbaku isiyo ya moshi inajulikana kuleta saratani ya mdomo.

Neno la mwisho ni kuhusu kikohozi. Katika wiki za mwanzo huenda akakohoa zaidi na kutoa makohozi mengi, kwa sababu vinyweleo vidogo vinavyofagia njia za hewa, ambavyo moshi ulikuwa umevilemaza, vinaanza kazi tena. Hali hiyo hupungua yenyewe katika miezi inayofuata. Lakini akitema damu, akipungua uzito bila sababu, sauti ikikwaruza kwa zaidi ya wiki tatu, au akihisi kifua kinabana, msingoje miadi ya daktari. Mpelekeni hospitali siku hiyohiyo, awe ameacha sigara au bado.